Nani Amlipe Wakili wa Mheshimiwa?

Watu wa nyumbani hudhani siasa za Marekani ni safi. Si safi. Tofauti niliyoiona mimi tangu nije huku ni kwamba uchafu wao una risiti.

Chukua mambo ya Trump na mawakili wake. Mwaka 2021, akiwa ameshatoka madarakani, kamati ya taifa ya chama cha Republican ilikubali kumlipia mawakili hadi dola milioni 1.6 kwa sababu ya uchunguzi uliokuwa ukiendelea New York. Novemba 2022 alipotangaza kugombea tena, chama kikafunga mfuko, maana kulikuwa na wengine wanaoutaka uteuzi huohuo. Mzigo ukabaki kwa kamati zake mwenyewe za kuchangisha, hasa ile ya Save America. Mwaka 2023 pekee, pesa za wachangiaji zilizoishia kwa mawakili zilikuwa takriban dola milioni 50. Mwanzoni mwa 2024 Henry Barbour, mjumbe wa kamati kutoka Mississippi, akaandika azimio kwamba pesa za chama zisiguse bili hizo kabisa. Halikupata wa kuliunga mkono wa kutosha, likafia mlangoni. Machi, Lara Trump, mke wa mwanawe, akawa mwenyekiti mwenza wa kamati hiyohiyo. Chama kikaapa hakitalipa, lakini mpango mpya wa kuchangisha kwa pamoja ulipangwa hivi: hundi ya tajiri ikiingia, fungu la kwanza kampeni, la pili Save America, halafu ndiyo chama kipate.

Haya yote nayajua bila kuwa na rafiki hata mmoja Washington. Tume yao ya uchaguzi huanika kwenye mtandao kila aliyetoa zaidi ya dola 200: jina, mji, kazi, mwajiri. Siku moja niliandika mji ninaokaa, hapa Ohio. Fundi bomba, mwalimu mstaafu, muuza magari, kila mmoja na dola zake na tarehe yake. Ukigeukia upande wa matumizi, unaona ofisi za mawakili na walichopokea. Sheria inakataza pesa za kampeni kwenda kwenye matumizi binafsi, na kipimo chao ni kuuliza: gharama hii ingekuwepo hata kama mtu huyu hagombei? Kamati za aina ya Save America zimepita pembeni mwa kipimo hicho. Ni tundu kubwa, lakini liko hadharani, kila mtu analichungulia.

Kwenye ghala ninakofanya kazi kuna mzee aliyekuwa akikatwa dola 20 kila mwezi, mchango wake kwa Trump. Nikamuuliza kama anajua zinakokwenda. "Kwa wakili wake, na ndivyo ninavyotaka," akanijibu. Sikuwa na neno. Pesa zake, hiari yake. Mama mmoja wa zamu yetu naye alipojua alikasirika, akasimamisha makato siku hiyohiyo. Alidhani anachangia matangazo. (Mimi mwenye kadi ya ukaazi, sheria inaniruhusu kuchangia lakini kura sipigi. Nchi ya maajabu hii.)

Sasa njoo Mombasa. Kaa kwenye baraza yoyote baada ya alasiri, kahawa chungu na kashata, uulize mheshimiwa fulani wakili wake analipwa na nani. Watakucheka. Mwaka 2022, Sonko, gavana wa zamani wa Nairobi, alipotaka ugavana wetu kwa tiketi ya chama cha Wiper, kesi za kama anafaa kugombea zilipanda na kushuka mahakamani na mji mzima ukageuka mahakimu. Vifungu vya katiba vilitajwa kwa nambari. Bili haikutajwa. Sisemi kuna aliyekosea, nasema hakuna aliyeuliza.

"Kwani chama si chake?" ami yangu aliniambia kwa simu nilipoligusa jambo hili. "Ofisi amekodi yeye, magari yake, fulana zake. Ataulizwa hesabu na nani?"

Aulizwe na ami. Sheria ya vyama ya 2011 inataka mfuko wa vyama upate si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya taifa. Hazina hutoa kwa kuvuta miguu, mpaka chama cha ODM kikaenda kortini kudai malimbikizo, lakini kile kinachotoka kinatoka kwenye kodi. Ami akinunua soda pale dukani, keshachangia, tena anachangia hata vyama anavyovilaani. Mzee wa Ohio anaweza kusimamisha makato yake. Ami hawezi.

Na sheria hiyohiyo inasema pesa za mfuko zisimpe mwanachama malipo wala faida yoyote, ya wazi au ya mlango wa nyuma, isipokuwa mfanyakazi wa chama. Mkaguzi Mkuu huzikagua. Kwa michango binafsi ya kampeni ndiko giza lilipo: sheria ya 2013 ya kudhibiti pesa za kampeni Bunge liliisimamisha kabla ya uchaguzi wa 2017, na kabla ya ule wa 2022 likazikataa kanuni zake. Wabunge, bila shaka, walikuwa na haraka ya mambo mengine.

Wala si kwamba sisi hatujui hesabu. Akilazwa mtu hospitali ya Makadara, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa usiku uleule, na mweka hazina anaandika: Bi Fulani 200, Mzee Fulani 500, jumla, dawa, salio. Ikipungua hamsini, simu zinaita mpaka alfajiri.

Mimi sisemi chama kisilipe wakili hata siku moja. Kesi ya kupinga matokeo ya ugavana inataka dhamana ya shilingi 500,000 kabla wakili hajafungua mdomo, na kura zile ni za waliopiga. Chama kikiibeba, sawa. Lakini kesi ya shamba, ya deni, ya kumtukana mtu, au ya alichokifanya akiwa ofisini, hiyo ni yake na jamaa zake. Wakitaka kumchangia, wamchangie kwa majina, orodha isomwe.

Ami anasema ni rahisi kuuliza ukiwa Ohio. Aliye Kisauni akiuliza, naye huulizwa ametumwa na nani. Hapo sina jibu zuri. Nikamwambia basi aende ofisi ya chama na kadi yake, aombe kuona hesabu za mwaka jana, kwa sababu mwanachama ana haki ya kuzikagua. Akacheka sana. Kumbe yeye si mwanachama. Kadi anayo mkewe, na alipewa siku ya mchujo pamoja na leso.