Hotuba ya Novemba 2, 1978: Mwalimu alikuwa akisema na nani?

Kila anayevikumbuka Vita vya Kagera huyakumbuka maneno matatu ya Mwalimu Nyerere: uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin. Ni nadra kusikia ikijadiliwa ni nani hasa aliyekusudiwa kuyasikia.

Wengi watajibu kuwa ni wananchi. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka siku chache kabla, naye ameshatangaza kuwa ardhi ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Rais alisema kwa Kiswahili, akawaambia Watanzania kuwa wana kazi moja tu. Neno "uwezo" linaitia nguvu hoja hii, kwa kuwa siku ile uwezo ndio uliokuwa haba: jeshi lilichukua majuma kadhaa kujikusanya na kusafirisha zana hadi magharibi ya Ziwa Victoria. Aliyehitaji kutiwa moyo ni mwananchi aliyeikimbia Kyaka na kijana wa mgambo ambaye angeitwa baadaye.

Lakini katika hotuba hiyohiyo Mwalimu alitaka dunia ielewe, na akawaomba marafiki waliokuwa wakihimiza suluhu waache maneno hayo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliokuwa chini ya uenyekiti wa Nimeiri wa Sudan, ulitaka usuluhishi bila kulaani uvamizi, ingawa viongozi wake walikubaliana Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Kwa upande huu "sababu" ndilo neno zito, maana mkazi wa Bukoba hakuwa na haja ya kuelezwa sababu.

Mimi ninavutwa zaidi na silabi moja. Mwalimu alisema "kumpiga", hakusema "kuwapiga": adui ni mtu mmoja, si Waganda. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda, kwa hiyo askari wa upande wa pili angeweza kulielewa neno hilo bila mkalimani, na wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania wangeweza kujiona ndani yake. Nakiri kuwa hoja hii isivutwe kupita kiasi, kwa sababu Waswahili humtaja mkubwa wakimaanisha jeshi lake lote. Hata hivyo silabi hiyo iliacha wazi swali kama kazi ingeishia mpakani, nayo haikuishia hapo: Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Ndiyo maana naona wakuu wa Afrika walikuwa wasikilizaji wa pembeni tu. Walipokutana Monrovia Julai 1979, Nimeiri na Obasanjo wa Nigeria wakailaumu Tanzania kwa kuingilia nchi jirani, serikali ya Dar es Salaam haikuwarudisha kwenye hotuba ya Novemba. Iliwaandalia kitabu kizima cha maelezo, tena kwa Kiingereza.