Kabla Hamjaicheka Tena Ile Video

Video imekwisha kuzunguka, na rafiki yangu aliyeirekodi ameiambatanisha na maelezo mafupi yanayodai kwamba nilimtongoza buibui, buibui akanikataa, nami nikaangukia maua. Siwezi kusema kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba yameacha mambo ambayo bila kuyajua mtazamaji hawezi kunitendea haki, na kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kutoa hukumu, naomba angalau kesi isikilizwe.

Nilikuwa nimeigeuza lenzi ya kamera. Wale wanaofuatilia picha zangu wanajua kwamba nimekuwa nikitamani kupiga picha za wadudu kwa karibu sana, na wale wanaoniuliza kwa nini nisinunue lenzi ya makro waelewe kwamba swali lao nimelisikia na kwamba jibu liko mfukoni mwangu, ambamo hamna kitu. Njia ya maskini ni pete ya chuma ambayo upande mmoja hukamata mdomo wa kamera, na upande wa pili una hesi zinazoingia mbele ya lenzi, pale ambapo kichujio hufungwa. Lenzi ya kawaida imeundwa kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali na kukifinya kiingie kwenye sensa ndogo, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Ukiifunga kinyumenyume, kazi nayo inapinduka, na kitu kidogo kilicho karibu kinatandazwa kwenye sensa kikiwa kikubwa kuliko kilivyo. Jambo la ajabu ni kwamba kadiri lenzi inavyokuwa ya kuona pana ndivyo inavyokuza zaidi ikigeuzwa: ya milimita 50 hukaribia kutoa ukubwa halisi wa kitu, ya milimita 28, inayoona pana zaidi, huupita ukubwa huo zaidi ya mara mbili. Mtu mwenye kiasi angeanza na ya 50. Mimi nilikuwa na lenzi ya zamani ya 28, yenye pete yake ya kufungua na kufunga tundu la mwanga kwa mkono, na hilo ni muhimu kwa sababu lenzi iliyogeuzwa haina tena mawasiliano na kamera, hivyo kamera haiwezi kuiamuru chochote.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana utetezi wangu wote umelala hapa. Lenzi ikiwa kinyumenyume, pete yake ya fokasi, ile ya kuifanya picha iwe kali, haikusaidii kitu cha maana. Unatafuta fokasi kwa mwili wako, ukisogea mbele na kurudi nyuma, na eneo linaloonekana kwa ukali halifiki hata milimita moja. Kioo chenyewe kinakuwa sentimita chache tu kutoka kwa mdudu. Ukilifunga tundu ili upate ukali zaidi, kidirisha cha kutazamia kinaingia giza. Kwa hiyo yule mtu mnayemwona kwenye video amepiga magoti, makalio juu, akiyumbayumba mbele ya jani kama kuku anayekunywa maji, hakuwa amepagawa. Alikuwa akitafuta fokasi.

Mama mzazi wa rafiki yangu, ambaye bustani ni yake, alipita wakati huo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," bila kuondoa jicho kwenye kamera. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akamuuliza mwanawe, kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia niisikie, kama mgeni wake anasumbuliwa na tumbo.

Juu ya jani alikuwepo buibui mrukaji, mdogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Viumbe hawa wana macho 8, na mawili ya katikati mbele ni makubwa kiasi kwamba ukiyakuza unaona kabisa kuwa unatazamwa. Tena hawakimbii ovyo. Ukisogea, wanageuka wakukabili. Nilipompata kwenye kidirisha, macho yale mawili meusi yakiwa yameng'aa, niliingiwa na furaha ambayo mtu mzima hapaswi kurekodiwa akiwa nayo. Ndipo nilipoanza kusema naye. Ndiyo, maneno mliyoyasikia ni yangu: "Nigeukie kidogo, mrembo. Hapo hapo. Usinikimbie."

Kisha akatoweka.

Hapa ndipo naomba mtu asimamishe video na kufikiri. Kwangu mimi, kutoweka hakukuwa habari. Kwa lenzi hii, mdudu akisogea unene wa kucha tu huyeyuka na kuwa ukungu, na nilikuwa nimempoteza na kumpata tena mara nyingi kwa njia hiyo. Kwa hiyo nilifanya lile lililokuwa sahihi: niliyumba mbele, hayupo, nikayumba nyuma, hayupo, nikaizungusha kidogo pete ya tundu ili niongeze mwanga, bado hayupo. Wakati wote huo niliendelea kumbembeleza kwa sauti ya chini, nikimwambia kwamba ana macho mazuri na kwamba sina haraka.

Yeye alikuwa amerukia kioo cha lenzi. Rafiki yangu alimwona. Rafiki yangu, ambaye nimekula naye na kulia naye, alimwona akitoka kwenye kioo, akapanda juu ya lenzi kwa hatua za kusitasita, akasimama juu ya kamera, akanitazama usoni, kisha akaruka tena na kutua juu ya nyusi yangu. Hakusema neno. Alichofanya ni kusogeza simu karibu zaidi. Mkiongeza mwangaza wa skrini mtaona hata uzi wa hariri ukimetameta kati ya kamera na paji la uso wangu, maana buibui hawa hujifunga kwanza kabla ya kuruka, kama tahadhari. Kati yetu sote watatu, buibui ndiye pekee aliyechukua tahadhari.

Nilihisi mwasho. Nikadhani ni jasho. Nikakunja uso, bila kuondoa jicho, na yeye akasogea kuelekea puani. Bado nilikuwa nikisema. Sentensi yangu ya mwisho, ambayo sasa naandikiwa na watu nisiowajua, ilikuwa: "Uko wapi, mpenzi, mbona umenyamaza?" Hapo rafiki yangu akashindwa kuzuia kicheko, nikainua kichwa kumtazama, na kwa pembe ya jicho nikaona miguu. Miguu minne tu, kwa sababu mingine ilikuwa upande wa pili wa pua.

Najua kwamba buibui huyu hana madhara kwa binadamu. Nimewahi kuwaandikia hivyo nyinyi wenyewe, tena kwa lugha ya kujiamini. Elimu hiyo yote ilinitoka. Ile sauti iliyotoka badala yake si sauti yangu na sitaki kuizungumzia.

Mengine yalikwenda haraka. Niliangukia maua kwa mgongo. Kule kuzungusha pete ya tundu kulikuwa kumezungusha na lenzi yenyewe ndani ya hesi, hivyo niliporusha mikono juu lenzi iliachana na pete ya chuma na kuingia kwenye ndoo ya kumwagilia. Tuliitoa, tukaifuta, sasa imelala sehemu kavu na ina ukungu ndani. Kamera ni nzima. Maua nimeyapanda upya. Picha zipo: nyingi ni za jani tupu, na moja ina mguu mmoja wa mbele ulio wazi kabisa, kila unywele umehesabika, huku macho yakiwa madoa mawili nyuma yake.

Rafiki yangu amekataa kuifuta video kwa hoja kwamba imempatia wafuasi. Maneno yangu kwa buibui ameyafanya mlio wa simu. Nilidhani angalau mama yake ananionea huruma, kwani hakucheka hata kidogo siku ile, na alinisaidia kukung'uta udongo mgongoni kwa upole mkubwa. Jana usiku alinipigia mwenyewe. Baada ya salamu ndefu akasema, "Mwanangu, yule mrembo wako yuko hapa dirishani. Nimwambie akusubiri?"