Shule za bweni za Waadivasi: umbali unaoondolewa na umbali unaoletwa

Kati ya Machi na Aprili, katika misitu ya India ya kati, maua ya mti wa mahua huanza kudondoka kabla ya alfajiri, na familia nzima za Waadivasi, wenyeji asilia wa India, hutoka na vikapu kuyaokota kabla mifugo haijayafikia, kwa kuwa yakikaushwa huliwa na huuzwa. Mtoto wa shule ya kutwa huokota pamoja na wazazi wake, na daftari la mahudhurio hujaa alama za utoro. Serikali ya India iliona kwamba dawa ya hali hiyo ni bweni.

Hoja ya watetezi ni nzito. Katika sensa ya 2011, miongoni mwa makabila ya Waadivasi yanayotambuliwa kisheria, yenye watu zaidi ya milioni 104, waliojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 59, ilhali kitaifa walikuwa 73. Shule za Eklavya, ambazo ni shule za bweni za serikali kwa watoto wa makabila hayo, zilizoanza mwaka 1997/98, huchukua watoto wa darasa la 6 hadi la 12, kwa kawaida 480 kila shule, wasichana nusu na wavulana nusu, na gharama za masomo na malazi hubebwa na serikali. Kwa msichana ambaye njia ya kwenda sekondari hukatwa na mto msimu wa mvua, bweni ndilo linaloamua kama ataendelea na masomo au ataozwa.

Wakosoaji huuliza ni nani atakayemfundisha, na kwa lugha gani. Walimu walipoajiriwa mwaka 2023, usaili uliendeshwa kitaifa na kupima Kihindi, kisha baadhi yao wakapangiwa majimbo ya kusini ambayo lugha zake hawazijui. Mtoto anayeota ndoto zake kwa Kigondi, mojawapo ya lugha za Waadivasi, hukutana na mwalimu wake katika lugha ambayo si ya yeyote kati yao. Wapo pia wanaotaja Kanada, ambako mwaka 2015 tume ya ukweli ilisema shule za bweni za wenyeji zilikuwa mauaji ya kimbari ya kiutamaduni. Ulinganisho huo naona umepitiliza, kwa sababu watoto wa Eklavya hufanya mtihani wa kuingia na wazazi wengi huitafuta nafasi hiyo. Hata hivyo, hofu iliyomo ndani yake si ya kubezwa.

Kwangu mimi, kinachoamua ni umri. Shule za ashram, ambazo nazo ni za bweni kwa Waadivasi lakini za zamani zaidi, nyingi huchukua watoto tangu darasa la 1, na mtoto wa miaka sita bado hajaimaliza lugha ya mama yake. Jimbo la Odisha, tangu katikati ya miaka ya 2000, limefundisha madarasa ya mwanzo ya baadhi ya shule za vijijini kwa lugha za makabila, na bweni likifuata baada ya msingi huo halina haja ya kubomoa kitu. Kalenda nayo ingestahili kutazamwa upya: mitihani ya kitaifa ya darasa la 10 na la 12 huanza Februari na mara nyingi hufika Aprili, maua yakiwa yanadondoka, na nyumbani kikapu kimepungukiwa mkono mmoja.