Diski Nane: Seva Moja au Mashine Mbili?

Tangu Serikali ihamie Dodoma, ofisi zinazozalisha data nyingi zimeongezeka mjini: kampuni za upimaji wa viwanja zinazorusha droni, studio za video zinazorekodi makongamano, watafiti wa vyuo. Wengi wanafikia swali moja. Fedha zikitosha diski nane za terabaiti nane, zifungwe zote kwenye seva moja ya Linux, au zigawanywe kwenye mashine mbili?

Wanaotaka seva moja wana hesabu nzuri. Diski nane kwenye RAID 6, yaani mpangilio unaounganisha diski kadhaa ziwe kama moja na kutenga nafasi ya diski mbili kwa akiba, zinatoa terabaiti 48 za kutumia, na mbili kati yake zinaweza kufa kwa wakati mmoja bila faili kupotea. Kazi haisimami, fundi anabadilisha diski huku wapima ardhi wakiendelea kufungua ramani zao. Ukizigawa nne kwa nne, kila mashine ikawa na RAID 5, inayotenga akiba ya diski moja tu, unabaki na terabaiti 24 tu, kwa kuwa mashine ya pili inabeba nakala ya ile ya kwanza. Tena RAID 5 ina hatari yake. Diski moja ikifa, kujaza upya diski mpya ya terabaiti nane kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde kunachukua karibu saa 15, na hiyo ni kama hakuna anayeigusa seva. Saa zote hizo huna akiba yoyote. Diski ya pili ikifa kabla kazi haijaisha, mashine nzima imekwenda.

Hoja hiyo ni nzito, na mtu asiidharau. Hata hivyo mimi nasimama upande wa mashine mbili, kwa sababu RAID inakinga kifo cha diski na si zaidi ya hapo. Haimzuii mwizi, wala moto, wala pawasaplai inayoungua na kuziharibu diski zote kwa mpigo, wala kirusi kinachofunga mafaili na kudai malipo. Mfanyakazi akifuta folda ya mradi kimakosa, amri yake inatekelezwa kwenye diski zote nane papo hapo. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 kwenye hifadhi ya kompyuta yake kuu ya utafiti, na chanzo hakikuwa diski kufa. Ilikuwa kosa katika programu ya kuhifadhi nakala, ambayo ilifuta mafaili iliyopaswa kuyalinda.

Mkasa huo unatugusa hata sisi tunaotetea nakala ya pili. Ofisi nyingi huweka rsync, programu ya kunakili mafaili, iendeshwe kila usiku ikiwa na chaguo la kufuta kule kilichofutwa huku, kisha zinaamini zina bakapu. Zina kioo tu: faili likifutwa mchana, usiku linafutwa na kwenye nakala. Nakala ya kweli lazima iwe na historia, ili Ijumaa uweze kupata faili lilivyokuwa Jumatatu. Borg, programu ya bakapu, inafanya hivyo vizuri. Mfumo wa mafaili wa ZFS pia, kwa snapshoti zake (picha za hali ya mafaili kwa wakati fulani) zinazotumwa mashine ya pili zikiwa mabadiliko tu. Vilevile mashine ya nakala ndiyo inayopaswa kuja kuchukua data kwenye seva. Seva ikipewa ruhusa ya kuandika kule, aliyeivamia ataifikia na nakala.

Kuhusu kuunganisha diski kwa mdadm au kwa ZFS sina ubishi mrefu. Mdadm, programu ya kupanga RAID, hutumia sehemu iliyomo ndani ya Linux yenyewe, na diski zake ukizihamishia mashine nyingine yenye Linux zinatambulika bila shida. ZFS haimo kwenye kerneli (kiini cha Linux) kwa sababu ya leseni, hivyo kerneli ikisasishwa moduli yake inaweza kugoma kujengwa. Lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, RAID 5 ya kawaida inaweza kubaki na data na pariti (hesabu za akiba) zisizolingana, ilhali ZFS haiandiki juu ya data ya zamani, na kila kipande kina alama ya uhakiki inayofichua kilichoharibika. Kwa mji ambao umeme unakatika, naichagua ZFS, pamoja na UPS (betri ya akiba) inayoizima seva kwa utaratibu. RAID 5 na 6 za Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili wa Linux, niziache. Watengenezaji wake wenyewe wanatahadharisha zisitegemewe.

Atakayesema terabaiti 24 hazimtoshi, kwanza atenganishe picha ghafi za droni na ramani zilizotokana nazo. Ramani inaweza kuchakatwa upya. Picha za kiwanja ambacho sasa kimejengwa hazipatikani tena, kwa hiyo hizo ndizo zenye haki ya kwanza ya nakala.

Wapo wanaosema nakala ipelekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ng'ambo, tuachane na mashine ya pili. Kwa nyaraka za ofisi nakubali, mradi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 izingatiwe, kwani inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Kwa terabaiti 24 hesabu inakataa: kwenye mkondo wa megabiti 20 kwa sekunde ni siku 111 za kupakia mfululizo. Na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima.

Njia inayowezekana ni kuziunganisha mashine mbili kwa kebo ya gigabiti hapa hapa ofisini. Nakala ya kwanza itakamilika ndani ya siku tatu hivi. Kisha mashine ya pili isafirishwe hadi tawi la Morogoro au Singida, na kuanzia hapo intaneti ibebe mabadiliko ya kila siku tu. Seva ya Dodoma ikiungua, ile mashine inarudishwa kwa gari siku hiyo hiyo, na kesho yake watu wanafungua mafaili yao.