Toa Mkono Kwenye Hiyo S

Juzi nimekaa studio karibu masaa matatu kwenye kiti cha plastiki namsikiliza kijana akisafisha kiki, ile ngoma nzito ya mguu, kwenye kompyuta. Kiki peke yake. Du. Du. Du. Kabonyeza S, kitufe cha solo, kwenye traki ya kiki, vingine vyote kimya, anapandisha uzito wake pale 60 Hz huku anatikisa kichwa kwa raha zake. "Umeisikia hiyo, kaka?" Nimeisikia. Hata muuza chipsi ng'ambo ya barabara kaisikia. Akahamia kwenye besi, S tena, akapandisha palepale. Alipofungua traki zote, kiki haionekani, besi inanguruma tu, na yeye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeziroga spika.

Jamani, hakuna msikilizaji atakayesikia kiki yako peke yake! Hayupo. Sauti mbili zikikaa kwenye masafa yaleyale, moja huifunika nyingine, na kitu hicho hukisikii mpaka zote mbili ziwe zinacheza. Ukibonyeza S umemfukuza mgomvi mmoja nje, halafu unajisifu nyumba ina amani. Mara nyingi kiki inayokaa vizuri ndani ya wimbo, ukiisikia yenyewe ni kavu, nyembamba, unaweza kumwonea huruma. Iache hivyo hivyo.

Kwenye sauti ya mwimbaji ndiyo balaa kabisa. Kwenye Pro Tools, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, ukiipiga S traki ya sauti, chaneli ya mwangwi nayo inanyamaza, labda uwe umeshaikinga kwa kushika Ctrl na kubofya S yake (wa Mac mnashika Command). Kijana hajaikinga. Anasikia sauti imekauka, anaongeza mwangwi, haoni tofauti, anaongeza tena. Akiitoa S, dada wa watu anaimba kutoka ndani ya simtenki.

Mzee wangu alikulia kwenye dansi, na kwake solo ni gitaa: kuna solo, kuna rizimu, kuna besi, na mpiga solo anamsikiliza mwenzake ndiyo anajua aingie wapi. Nilipomweleza kwamba siku hizi solo ni kitufe cha kuwanyamazisha wenzako wote, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Haya, S ina kazi yake, sikatai. Honi ya bodaboda iliyoingia kwenye maiki, ile "p" inayopuliza, mlio wa "tik" pale ulipokata sauti. Ingia, tafuta, toka. Sekunde kumi.

Mnachokidharau ni M, kitufe cha kuizima traki moja. Zima kitu kimoja, wimbo uendelee, sikiliza kama pengo linauma. Niliwahi kuzima traki sita za kinanda kwenye kazi yangu mwenyewe, kinanda nilichokihangaikia usiku kucha, na koras ikapumua. Iliniuma mimi. Wimbo haukuumia.

Ila M nayo inataka macho. Traki uliyoizima haiingii kwenye faili la mwisho, na programu haikuulizi kitu. Nilishatoa wimbo wa send-off saa nane za usiku huku vokali za kuitikia nimezizima na kuzisahau. Ukumbini mwimbaji anaita, "Mwanetu anaondokaaa," kisha kimya. Anaita tena. Kimya. Shangazi mmoja akaamua kuitikia mwenyewe, meza nzima ikamfuata, na baadaye mwenye shughuli akanipongeza kwa ubunifu wa kuwaachia wageni nafasi. Nikasema asante.

Yule kijana nilimwomba aucheze wimbo mzima toka mwanzo asiguse chochote. Akakubali kwa heshima zote, "Sawa, kaka." Ulikuwa haujafika hata beti ya pili, nikasikia: du. Du. Du.