Sindano ya chuma na koleo la udongo

"Nguruwe wa baba yangu hawakuwahi kuchomwa sindano ya chuma, na kitimoto tulikula." Sindano hiyo ni dawa ya madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu, anayochomwa mtoto wa nguruwe. Kauli hii nimeisikia sana kwa wafugaji wa makamo, na anayeitoa hasemi uongo. Nguruwe wa baba yake walikuwa wakifukua. Mtoto wa nguruwe wa siku chache tu anaingiza pua kwenye udongo, anameza kidogo kidogo, na udongo wetu mwekundu umejaa chuma. Nguruwe wa huyu mwana, kwa upande wao, wamezaliwa juu ya saruji. Banda linafagiliwa asubuhi na jioni, na udongo hawaujui.

Ubishi wa sasa unaanzia hapo. Kuna wanaosema sindano ya chuma ni biashara ya maduka ya dawa za mifugo, kwamba mama akilishwa vizuri watoto watakuwa na damu. Na kuna wanaosema mtoto wa banda la sakafu bila sindano hana pa kuipata hiyo damu. Mimi niko na hawa wa pili kwa sehemu kubwa. Si kwa yote, maana wenzangu nao wana yao.

Tupige hesabu kwanza. Mtoto wa nguruwe anazaliwa na miligramu 50 hivi za chuma, na nyingi kati ya hizo tayari ziko kwenye damu inayozunguka, si akiba ya kuchota. Kukua kwake kunadai miligramu 7 hivi kila siku. Maziwa ya mama yanampa kama 1. Saba kwa moja, kila siku inayopambazuka. Kwa siku 21 amehitaji 147, maziwa yametoa 21, pungufu ni 126. Ile sindano ya miligramu 200 inayochomwa katika siku 3 au 4 za mwanzo inaziba shimo hilo na kubakiza kidogo kwa wiki ya nne. Mtu anaweza kuichukia bei yake, lakini kipimo hakikuokotwa tu.

Na anadai kiasi hicho kwa sababu ya kasi yake. Amezaliwa na kilo 1.3 hivi, wiki moja tu uzito umekaribia mara mbili, wiki ya tatu ana kilo 5 au 6. Mwili ukipanuka, damu nayo inapanuka. Chuma kisipoongezeka, kilekile kidogo kinagawanywa kwenye damu nyingi zaidi, kama uji unaotiwa maji kila mgeni akiingia. Ndiyo maana anayeishiwa damu haraka mara nyingi ni yule mnene, aliyeshika chuchu nzuri ya mbele. Hili huwachanganya wafugaji. Aliyezaliwa mdogo bado anatembea, lakini jitu la banda limekufa. Lawama zinakwenda kwa mama, kwamba amelala juu yake, au kwa jicho la jirani.

Niliwahi kumshika mmoja wa namna hiyo, wa siku 18, kwenye banda safi kuliko majiko mengi ninayoyajua. Manyoya yalikuwa yamesimama. Sikio nililiinua kuelekea jua, badala ya wekundu na mishipa nikaona weupe wa mshumaa. Ubavu ulikuwa unaruka kwa kila pumzi, utadhani ana kwikwi. Mwenyewe akaniambia anahema hivyo kwa sababu ya unene. Hakufika asubuhi.

Wanaosema ni mbinu ya wauza dawa wakumbuke kwamba jambo hili lilielezwa na watafiti McGowan na Crichton huko Aberdeen, Uskoti, mwaka 1923, wakati sindano yenyewe haijakuwepo. Sindano ilikuja miaka ya 1950. Katikati hapo wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwaingizia watoto mabonge ya udongo na nyasi bandani, na ilisaidia. Kwa hiyo mzee wa udongo ana haki yake. Swali langu kwake ni moja: utauchota wapi? Utapata wapi udongo ambao hakuna binadamu aliyejisaidia, katika nchi ambayo tegu la nguruwe, mnyoo anayemfikia nguruwe kupitia kinyesi cha binadamu, bado linasumbua kuanzia Mbulu hadi Mbozi? Ambao nguruwe wa jirani hajapita, wakati homa ya nguruwe ya Afrika inaweza kufagia banda zima? Ukiupata, chota. Koleo moja la udongo kila siku ni bora kuliko sindano isiyochomwa.

Na sindano ina makosa yake. Sindano chafu huacha jipu. Ukichoma pajani, unaweza kulitia doa paja la kuuza, ndiyo maana wengi huchoma shingoni. Mama akiwa na upungufu wa vitamini E na madini ya seleni, mtoto anaweza kufa saa chache baada ya kuchomwa. Na chuma kikizidi, bakteria nao hukifurahia.

Hoja ya kumlisha mama ndiyo dhaifu kuliko zote. Chuma cha ziada kwenye chakula chake hakiingii kwenye maziwa kiasi cha maana. Kinatoka kwenye kinyesi, na watoto wakikilamba wanakipata hapo. Sasa wewe umefagia.

Tunapofika kwa nguruwe anayekua, aliyeachishwa na kupita kilo 20, ndipo ninapoachana na wenzangu. Wanauza chupa za "kuongeza damu" kwa kila nguruwe aliyepauka, ilhali mahitaji yake ya chuma kwa kila kilo ya chakula yameshuka, na pumba, mashudu na chokaa vya kawaida vina chuma cha kutosha. Shida mara nyingi iko kwingine. Mashudu ya pamba, yanayopatikana kwa urahisi Shinyanga na Simiyu, yana gosipoli, sumu inayokamata chuma na kukizuia kisitumike. Ng'ombe mkubwa huivumilia kwa kiasi, nguruwe haiwezi. Ndiyo maana ukilazimika kuyatumia, yawe machache na yaongezwe salfeti ya chuma, au utafute ya alizeti kutoka Singida. Minyoo ya utumbo mpana nayo humwaga damu kwenye kinyesi. Zinki ikizidishwa huzuia shaba, na bila shaba mwili haujui la kufanya na chuma ulicho nacho.

Basi nguruwe wa miezi 4 akipauka, mimi naanza na kinyesi chake na kiroba cha mashudu. Chupa ya dukani naiacha rafuni hadi hivyo viwili vimejibu.