Hakuna wa Zambarau?

Nimekatwa kidole na bati. Lingekuwa lile nililokuwa nalikata ningelisamehe, ajali kazini. Hili lilikuwa limeegemea ukuta, limetulia zake, linanisubiri nipite kwenda chooni.

Mnaijua mvua ya Mbeya, ikianza haipigi hodi. Maji yanamwagika paani bure, na bomba uani siku ya nne linakohoa hewa. Mke wangu akatazama paa, akatazama madumu, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Ukishakaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa, ukitazamwa hivyo umeshapewa kazi. Gata. Bati bapa la geji 28 nilikuwa nalo, nikalikunja kwa ubao na nyundo, nikajiona fundi mkuu wa Ilomba nzima. Kilichobaki ni tundu la duara la kushukia bomba. Tundu moja!

Nikaazima grenda kwa jirani. Ilitoa cheche ya kwanza, umeme ukakatika. Nikajifariji kwamba hata hivyo diski inaunguza zinki, na pale ilipopita ndipo kutu huanzia. Msumeno wa chuma? Bati jembamba vile linanasa meno, halafu linapiga yowe mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia. Tindo sitaki hata kuizungumzia, ukingo ulitoka kama chapati iliyotafunwa na panya.

Basi nikavaa koti, nikapanda bajaji mpaka Mwanjelwa kununua mkasi wa bati. Mkasi jamani, nani anahangaika na mkasi?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe mkasi wa bati."

"Wa kushoto, wa kulia au wa kunyoosha?"

Nikamwangalia yule kijana. "Natumia mkono wa kulia," nikamjibu, polepole, kwa heshima ya koti langu.

"Siyo mkono mzee wangu, ni kona. Mpini mwekundu unakata kona ya kushoto, wa kijani kona ya kulia, wa njano unanyoosha."

"Mimi nataka duara."

"Duara la kwenda wapi?"

Naomba mnisaidie hapo. Nimesoma mpaka la saba, mwalimu alituchorea maduara ubao mzima, sikuona hata moja lenye safari. Nikawa natafuta jibu la mtu mzima, mara dereva wa bajaji aliyenileta, ambaye nilidhani ameshaondoka, akachomoza kichwa mlangoni.

"Mzee chukua mwekundu! Simba, Mnyama, ndiyo chuma chenyewe!"

"Mwekundu wa nini?" Huyo ni mama anayeuza parachichi kibarazani, wala hakugeuka. "Baba chukua wa kijani, na wa njano uchukue. Sisi Yanga, Wananchi, hata kwenye mikasi tunayo miwili. Nyie mmoja, tena wa kushoto!"

"Miwili ya nini wakati hamjui kuitumia?"

"Sisi tumeanza 1935, nyie 1936. Mwaka mzima mlikuwa mnatuchungulia!"

Aliyekuja kununua misumari nusu kilo akaiacha kwenye mizani, akaingia upande wa mama. Muuzaji akafungua zipu ya jaketi, kumbe ndani jezi nyekundu, nikaelewa kwa nini mikasi ya kijani ilikuwa imewekwa rafu ya juu kabisa nyuma ya makopo ya rangi. Nusu saa nzima. Tukapita kwenye penalti, tukapita kwenye refa, tukafika kwenye bao la mkono ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelishuhudia. Mimi nimesimama katikati na kipande cha bati kwapani kama mtoto aliyetumwa sukari.

Mimi ni wa Mbeya City, timu ya jezi za zambarau. Msimu ule wa 2013/14 tulipopanda Ligi Kuu na kushika nafasi ya tatu moja kwa moja, nilikuwa uwanjani Sokoine kila mechi ya nyumbani, sauti nikaiacha palepale. Nikakohoa, nikauliza kistaarabu:

"Hakuna wa zambarau?"

Duka likanyamaza. Halafu wakacheka, wote, Mnyama na Wananchi wameshikana mabega. Mama wa parachichi akafuta machozi kwa kitenge, akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo baba, leo umenipa siku."

Nikanunua mwekundu kwa hasira, na parachichi tano kwa aibu.

Nyumbani nikaanza kulifuata duara kwenda kulia. Mkasi hautaki. Nausukuma kulia, wenyewe unaelekea kushoto, bati linajikunja katikati ya meno yake. Nimetukana kimoyomoyo, kisha si kimoyomoyo tena. Ndipo akapita yule mzee wa majiko na koroboi, ambaye mkasi wake umefungwa mpira wa tairi kwenye mipini na sidhani kama kuna anayejua umri wake. Akasimama, akatazama.

"Kwa nini usizunguke upande wake? Toboa katikati, ingiza ncha, nenda kushoto mpaka urudi ulipoanzia. Ukitaka kona ya kulia, geuza bati."

Geuza bati! Ukiligeuza chini juu, kulia kunakuwa kushoto! Wenye duka wanalijua hilo? Wanalijua! Wameniweka pale nusu saa wananihesabia mwaka 1935, na neno lenyewe ni maneno mawili! Tundu likatoka dakika tatu, duara safi, halina safari yoyote.

Sijakaa hata kunywa chai, jirani wa grenda huyo getini. Anaomba mkasi akakate seng'enge ya banda la kuku. Waya, kwenye makali ya mkasi wa bati! Utabaki na mapengo kama bibi. Na mtu amekuazima grenda asubuhi, utamnyimaje? Nimemwambia mkasi umeazimwa na mzee wa majiko. Sasa jirani ameenda kwa mzee wa majiko.

Kidole kinapwita. Mke wangu anapakua wali, anauliza zile parachichi nilizomsifia ziko wapi. Parachichi. Nimezishika mkononi kutoka dukani, nikaziweka pembeni ya kiti ili nitoe nauli.

Ziko kwenye bajaji ya Mnyama.